Mali Kauli na Shahada: Elimu ya Biashara katika Historia ya Ubundu

Anayetaka kuandika historia ya shahada za uzamili za biashara katika eneo letu kwa kawaida huanzia Nairobi, Makerere, Dar es Salaam au Kinshasa, kwa kuwa huko ndiko viliko vitivo, wahadhiri na majoho. Katika makala haya tunakusudia kuanzia mahali pengine kabisa, yaani Ubundu, mji mdogo ulioko ukingoni mwa mto Lualaba, kusini mwa Kisangani, katika jimbo la Tshopo. Wakati wa Wabelgiji mji huu uliitwa Ponthierville. Hausifiwi kwa vyuo. Hata hivyo, tunaona kwamba swali la elimu ya juu ya biashara linaonekana waziwazi zaidi kutoka Ubundu kuliko kutoka mji mkuu wowote.

Sababu ya kwanza ni ya kijiografia. Ubundu ipo pale ambapo mto unakataa kupitika. Kuanzia hapo hadi Kisangani, mwendo wa takriban kilomita 100, maji yanateremka kwa maporomoko saba, na la mwisho wao ni lile la Wagenia linalojulikana sana kwa mitego yake ya samaki. Kutoka Ubundu kwenda juu hadi Kindu, kwa zaidi ya kilomita 300, mto hupitika tena. Kwa hiyo kila mzigo ufikao Ubundu hauna budi kushushwa, kuhesabiwa, kugawanywa na kupakiwa upya, na mahali ambapo mzigo huhesabiwa mara mbili hapakosi watu wajuao hesabu.

Sababu ya pili ni ya lugha. Kwa kizazi kizima, kabla ya Dola ya Mfalme Leopold kuimarika, biashara kubwa ya sehemu hii ilifundishwa, ilijadiliwa na kuandikwa kwa Kiswahili. Je, ilikuwaje basi elimu rasmi ya biashara iliyokuja baadaye, kuanzia darasa la makarani hadi shahada ya uzamili, isijengwe hata daraja moja juu ya msingi huo? Jibu lizoeleka ni kwamba Kiswahili hakikuwa na istilahi, au kwamba wenyeji hawakuwa na ujuzi. Tutajaribu kuonyesha kwamba majibu yote mawili hayaungwi mkono na historia.

Shule ya msafara

Shahidi wetu mkuu ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Kitabu hicho kimesomwa na wanahistoria kama habari za vita na dola, na wanaisimu wamekisoma kama sampuli ya nathari ya kale. Ni wachache waliokisoma kama maelezo ya mtu aliyekuwa akijifunza kazi. Lakini ukikifungua bila kutafuta mashujaa, utaona kwamba kurasa nyingi zinashughulika na bei, mizigo, wadeni na wadai, frasila za pembe na idadi ya wapagazi.

Anaeleza jinsi alivyoanza safari ndogo akiwa bado kijana, kisha akafuatana na baba yake bara. Ilipofika wakati wa kuvuka ziwa kwenda Urua, baba yake alitaka mali iwe chini ya mtu mwingine mwenye uzoefu zaidi. Kijana akakataa: kama haaminiki kushika mali, basi ni afadhali arudi. Akapewa mali. Walipofika Urua waliona kwamba pembe kubwa zina bei ghali na pembe ndogo ni rahisi. Wenzake walinunua pembe kubwa. Yeye alinunua ndogo, na aliporudi pwani akaona kwamba hakukosea. Mwalimu yeyote wa somo la masoko angependa kuwa na mfano mfupi namna hii wa mtu anayetenganisha sifa ya bidhaa na faida yake.

Mfumo wa fedha uliobeba safari hizo uliitwa mali kauli. Tajiri wa Unguja, mara nyingi Mhindi, alimpa msafiri nguo, shanga na bunduki kwa mkopo, naye akarudisha pembe baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi. Dhamana kubwa ilikuwa neno lake na sifa yake mbele ya watu, na ndiyo maana ya jina lenyewe. Kwa kuwa riba imekatazwa katika sheria ya Kiislamu, bei ya muda na ya hatari iliingizwa katika bei ya bidhaa zilizokopeshwa. Tajiri aliyemkopesha Tippu Tip kwa miaka mingi alikuwa Taria Topan, aliyepata pia kuwa mkuu wa forodha ya Unguja. Kwa hiyo mnyororo mmoja wa deni ulitoka kwa wenye mitaji wa Bara Hindi, ukapita Unguja, Tabora, Ujiji na Nyangwe, ukaishia ukingoni mwa Lualaba. Mtu aliyekuwa katika ncha ya mnyororo huo alipaswa kujua ubadilishaji wa riale, uzito wa frasila (kiasi cha kilo 16), aina za shanga zinazotakiwa katika kila nchi, kwa maana ushanga uliopendwa mahali pamoja haukununua hata kuku mahali pengine, na muda ambao tajiri wake angevumilia kabla ya kumfungia mlango.

Istilahi hazikukosekana. Bei, faida, hasara, deni, rehani, dhamana, amana, hawala na rasilimali zilikwisha kuwa Kiswahili kutokana na Kiarabu. Hundi, bima na laki kutokana na lugha za Kihindi. Kingwana cha Kongo, yaani Kiswahili kilichoenea kutokana na wangwana wa misafara hiyo, kilirithi sehemu kubwa ya msamiati huo. Yafaa kukumbuka hapa kwamba hata neno shahada linatoka katika shina moja na shahidi. Katika mali kauli watu ndio waliomshuhudia mfanyabiashara kuwa anajua kazi yake. Siku hizi karatasi hushuhudia badala yao.

Hapana budi kusimama kidogo, kwani ni rahisi mno kuisifu shule hii. Biashara hiyo haikuwa ya pembe peke yake. Watu walitekwa, waliuzwa, na walibebeshwa pembe zilizouzwa pamoja nao. Huko Nyangwe, mwezi Julai 1871, David Livingstone alishuhudia watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, soko ambalo lilikuwepo likiendeshwa na wenyeji, hasa wanawake, bila kuhitaji msafara wowote wa pwani. Katika hesabu za matajiri, gharama ya watu hao haikuwa na safu yake. Mtafiti wa leo atakayeichukua mali kauli kama mfano wa ujasiriamali wa Kiafrika bila kuwaingiza mateka katika mizania yake, atakuwa ameandika mizania ya uongo. Tunalitaja jambo hili kwa uzito kwa sababu vitabu vya menejimenti hupenda sana mifano ya ushindi.

Kukatwa kwa uzi

Mwezi Februari 1887, kwa mkataba uliotiwa saini Unguja, Tippu Tip alifanywa liwali wa maporomoko kwa niaba ya Dola ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mshahara huo, kwa mtu aliyeshika mali kiasi kile, ni kichekesho. Lililokuwa na thamani kwake ni njia ya biashara. Aliondoka 1890 kurudi Unguja, akamwachia Rashid bin Muhammed, mpwa wake, kazi ya maporomoko. Katika eneo la Ubundu yenyewe, Kirundu ilikuwa makao ya mfanyabiashara aliyejulikana kama Kibonge, ambaye jina lake limeingia katika vitabu hasa kwa sababu Emin Pasha aliuawa kwa amri yake mwaka 1892.

Kabla ya vita, kulikuwa na karatasi. Tarehe 21 Septemba 1891 Mfalme Leopold alitoa agizo ambalo kwalo maofisa wa Dola walitakiwa kuhakikisha kwamba pembe na mpira wa maeneo makubwa ya juu vinakuwa mali ya Dola. Tangu hapo mfanyabiashara wa Kirundu aliyenunua pembe kwa nguo zake alihesabiwa kuwa anaiba. Vita vya 1892 hadi 1894 vilikamilisha yale ambayo agizo lilikuwa limeyaanza. Pierre Ponthier alikufa kutokana na vita hivyo mwaka 1893, na mji wetu ukapewa jina lake.

Kwa kawaida tunafundishwa kwamba vita hivyo vilikomesha utumwa. Tunakubali kwamba vilikomesha dola za watumwa za wangwana. Kazi za kulazimishwa za mpira zilizofuata ni habari inayojulikana. Lakini kwa mintarafu ya mada yetu, kuna jambo lingine lililokoma pamoja nazo: nafasi ya mtu wa Lualaba kuwa mnunuzi, mkopaji na mkopeshaji kwa jina lake mwenyewe. Elimu haiishi bila kazi ya kuifanyia. Kijana aliyezaliwa Kirundu mwaka 1895 hakuwa na msafara wa kufuatana nao, na mali kauli ikabaki hadithi ya wazee.

Reli na karani

Mwaka 1902 kampuni ya Baron Empain iliundwa kwa ajili ya kujenga reli za Kongo ya juu kuelekea Maziwa Makuu. Ilijulikana kwa herufi CFL. Sehemu ya kwanza, kilomita 125 kutoka Stanleyville, ukingo wa kushoto, hadi Ponthierville, ilifunguliwa mwaka 1906. Maporomoko sasa yalizungukwa kwa siku moja. Kampuni ilipewa pia haki juu ya ardhi na madini, hivyo ikawa na sura mbili, ya msafirishaji na ya mwenye mali.

Hebu tulinganishe miaka. Huko Antwerp chuo cha juu cha biashara kilikuwa kimekwisha kuanzishwa tangu 1852. Brussels ilipata shule ya biashara ya Solvay mwaka 1903. Harvard ilifungua shule yake ya usimamizi wa biashara mwaka 1908, miaka miwili baada ya treni ya kwanza kufika Ponthierville, na ikawa ya kwanza kutoa shahada ya uzamili kwa jina ambalo dunia nzima inalitumia leo. Kwa maneno mengine, uzamili wa biashara na kituo cha reli cha Ponthierville ni watoto wa rika moja, na wote wawili walizaliwa kutokana na haja ileile: makampuni yalikuwa makubwa mno kuendeshwa na mwenye mali na mwanawe. Yalihitaji mameneja. Tofauti ni kwamba elimu ya umeneja ilitolewa upande mmoja wa bahari, na upande wa pili ilitolewa elimu ya ukarani.

Karani wa Ponthierville aliandika idadi ya magunia kwa Kifaransa, wakati wapakuzi waliyahesabu magunia yaleyale kwa Kiswahili. Alijua kujumlisha lakini hakuulizwa bei ipangweje. Shule za misheni zilimwandaa kwa kazi hiyo hasa, na si haki kumlaumu kwa mipaka ambayo wengine waliiweka. Mfano unaojulikana zaidi wa elimu hiyo ni Patrice Lumumba, karani wa posta wa Stanleyville. Baada ya kutoka gerezani, alikwenda Léopoldville na mwaka 1957 akaingia katika kampuni ya bia, ambako alipanda hadi kuongoza mauzo. Hakuwa na shahada yoyote ya biashara, na mwaka huo hakuna Mkongo wa Stanleyville ambaye angeweza kuipata katika mji wake. Wale wanaostaajabu jinsi alivyoweza kukusanya watu mwaka 1958 na 1959 wasisahau kwamba alikwisha kufanya kazi ya kuuza, mtaa kwa mtaa.

Vyuo vikuu vilikuja kwa kuchelewa. Lovanium ilianza 1954 karibu na Léopoldville, na cha Elisabethville 1956. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokwisha kuhitimu chuo kikuu hawakufika hata thelathini katika nchi nzima. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha Chuo Kikuu Huria cha Kongo huko Stanleyville, na mwaka uliofuata uasi wa Simba ukaukumba mji. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na vitivo vikagawanywa kana kwamba ni mizigo: uchumi ukawekwa Kinshasa, fasihi na lugha Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani. Kwa mwanafunzi wa Ubundu maana yake ilikuwa rahisi kuielewa. Akitaka kuwa mwalimu, treni ilimtosha. Akitaka uchumi wa biashara katika chuo kikuu, alikuwa na mto mzima wa kuteremka, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kisangani hadi Kinshasa. Mgawanyo huo ulidumu hadi 1981, vyuo viliporudishiwa uhuru wao.

Biashara nje ya karatasi

Katikati ya kipindi hicho lilitokea jaribio kubwa la usimamizi ambalo nchi yetu jirani imelifanya. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na makampuni ya wageni yatakabidhiwa raia. Kisangani, Wagiriki, Wareno na Wahindi waliacha maduka, na yakagawiwa watu wenye vyeo au wenye ndugu wenye vyeo. Maduka mengi yaliuzwa mpaka rafu zikabaki tupu, kisha hayakujazwa tena. Ilibidi wenyewe waanze kurudishiwa baada ya miaka michache.

Kwa bahati njema, Kisangani ya baada ya tukio hilo ilipata mchunguzi makini. Janet MacGaffey, mwanaanthropolojia, alifanya utafiti mjini humo na mwaka 1987 akachapisha kitabu ambacho jina lake linawaweka wajasiriamali na vimelea katika mstari mmoja. Alionyesha kwamba kando ya wale waliogawiwa mali na serikali kulikuwa na wafanyabiashara wengine waliojenga mitaji yao polepole. Kati yao walikuwamo Wanande walioleta maharagwe na mboga kutoka Kivu, na wanawake waliosafirisha mchele, samaki na maharagwe hadi Kinshasa. Walirudisha faida katika kazi, walinunua malori, walikwepa ofisi zilizokuwa zikila faida hiyo. Mengi ya shughuli zao hayakuonekana katika takwimu za serikali.

Msomaji atakuwa ameona tunakoelekea. Watu hawa walikopeshana kwa kuaminiana, walitumia ndugu kama mawakala katika miji ya mbali, walitegemea sifa kuliko mahakama. Hatudai kwamba walikuwa wameirithi mali kauli moja kwa moja, kwa maana uzi ulikwisha kukatwa, na Wanande hawakuwa watu wa misafara ya Tippu Tip. Tunachodai ni kwamba hali ileile, yaani umbali mrefu na sheria isiyotegemewa, ilizaa upya mbinu zinazofanana. Mtu aliyezijua mbinu hizo hakuwa na mahali pa kuzifundisha ila dukani na njiani. Nazo zilitakiwa tena mapema kuliko ilivyotazamiwa. Mwezi Aprili 1997 reli ya Ubundu ilibeba chakula cha msaada kwa wakimbizi wa Kirwanda waliokuwa wamekwama Kasese na Biaro, na mauaji yaliyofuata huko ni katika sura nyeusi kabisa za reli hii. Katika vita vilivyoanza 1998 treni zilikoma kwa muda mrefu, na bidhaa zikasukumwa kwa baiskeli. Msukumaji wa baiskeli anayeamua kati ya chumvi na sabuni, akijua uzito anaouweza, vizuizi vitakavyomtoza na bei ya upande wa pili, anafanya hesabu ambayo wanafunzi wetu hufanya kwa kikokotoo.

Lugha ya tasnifu

Leo Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha uchumi na usimamizi, na mji una chuo cha juu cha biashara ambacho hata jina lake la Kifaransa linafanana na la chuo kile cha Antwerp. Mfumo wa zamani, wa miaka mitatu ya kwanza na miwili ya lisansi, ulianza kubadilishwa mwaka 2021 na 2022 kuwa wa lisansi, masta na udaktari. Kwa hiyo kijana wa Ubundu anaweza kuitamani shahada ya uzamili bila kuteremka hadi Kinshasa. Hilo si jambo dogo.

Lakini tasnifu yake itakuwa ya Kifaransa. Mwenzake wa Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Biashara na Menejimenti kilianzishwa 1979, au wa Mzumbe, iliyopandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2001, au wa shule ya biashara ya Makerere iliyoundwa 1997, ataiandika kwa Kiingereza. Wote watakwenda kuwahoji wauzaji kwa Kiswahili (au Kiganda, au Kilingala), watafsiri majibu usiku, na kisha watalalamika katika sura ya tatu kwamba wahojiwa hawakuelewa maswali. Tumesoma tasnifu za namna hiyo zaidi ya moja. Katika mojawapo, neno deni lilitafsiriwa kila mahali kwa neno moja, ingawa wahojiwa walitofautisha deni la duka, deni la ndugu na deni la amana. Hoja nzima ya sura ya nne ikaanguka, na watahini hawakuona, kwa sababu hawakuyasoma mahojiano ya asili.

Upande wetu wa Idara za Kiswahili una deni lake pia. Tasnifu za uzamili zinaandikwa kwa Kiswahili katika idara hizo kwa miaka mingi, na kazi ya istilahi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili imetupatia uhasibu, mizania, hisa na ukaguzi wa hesabu. Lakini maneno hayo yalikusanywa zaidi kwa kutafsiri vitabu kuliko kwa kusikiliza masoko. Mali kauli halipatikani kwa urahisi katika orodha za istilahi za biashara, ilhali ndilo neno lililoendesha uchumi wa nusu ya bara kwa muda mrefu kuliko benki nyingi zilizodumu. Tangu Kongo ilipoingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 1922+100, yaani 2022, mkataba wa mkopo kati ya mfanyabiashara wa Mwanza na wa Kisangani unaweza kujadiliwa kwa lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale utakapohitaji kuandikwa na mwenye shahada.

Kitabu cha Tippu Tip chenyewe kina historia inayofaa kutajwa hapa. Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1902 na 1903 kwa kazi ya Heinrich Brode, katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1887, mwaka uleule ambao mwandishi alifanywa liwali wa maporomoko. Seminari hiyo iliwaandaa maofisa na wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuja Afrika. Whiteley alikitoa upya kwa Kiswahili na Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Bontinck kwa Kifaransa mwaka 1974. Kwa hiyo wapo Wajerumani waliokisoma ili waje kufanya kazi katika nchi hizi. Pembe ndogo za Urua bado zinamngoja mwanafunzi wa uzamili wa biashara, kutoka Kisangani au Dar es Salaam, atakayezipigia hesabu: zilinunuliwa kwa nguo kiasi gani, zilibebwa na nani, na nani hakulipwa.